Nimeambiwa watoto 15 wasije siku ya mtihani

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kanda ya Ziwa. Ni ajira mpya, namaliza mwaka wa kwanza na bado sijathibitishwa kazini, kwa hiyo nakuomba usitaje hata wilaya. Nafundisha Hisabati Darasa la Tatu. Watoto ni 94. Walikuwa mikondo miwili, mwenzangu akahamishwa mwezi wa pili, wakaunganishwa. Wanakaa wanne wanne kwenye dawati, na wengine naona visogo tu kwa sababu wamegeukia dirishani kutafuta hewa.

Baada ya wiki tatu tuna mtihani wa kufunga muhula, na ni wa ujirani mwema. Shule saba za kata tunafanya karatasi moja, tunabadilishana kusahihisha, wastani unabandikwa ofisini kwa Afisa Elimu Kata. Ule wa nusu muhula tulifanya hivyohivyo. Maswali 25, kila moja alama mbili, jumla 50. Sisi tulipata wastani wa 19, tukawa wa saba kati ya saba. Mwalimu mkuu aliporudi kutoka kikao cha kata hakugusa hata chai. Akaniita, akasema, "Madamu, safari hii sitaki kuburuza mkia."

Mwalimu wa taaluma, ambaye kwa kweli ni mtu mwema na ndiye aliyenitafutia chumba nilipofika, alinipa mbinu. Kwanza niache mada mpya, niwape watoto mitihani ya nyuma kila siku mpaka siku yenyewe. Pili, siku ya mtihani nipange madawati vizuri, mwenye uwezo akae na asiye na uwezo, "wasaidiane". La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kuna watoto 15 ambao hawavuki alama tano, wastani wao kama 4 hivi. Akasema hao niwaambie kiujanja wasije siku ile. Wakachunge, wakasaidie nyumbani. Akasema shule nyingine ndivyo zinavyofanya. Mwalimu mkuu alikuwepo, hakusema ndiyo wala hapana. Aliangalia simu.

La kwanza nimeshaanza. Karatasi ya mwaka jana tumeifanya mara tatu. Mara ya tatu darasa zima lilishangilia, wamepata. Nikaingiwa na wasiwasi, nikabadilisha tarakimu moja tu kwenye swali la 12. Lilikuwa 120 − 36, nikaandika 120 − 46. Zaidi ya nusu waliandika 84 tena. Wamekariri kwamba swali la 12 ni 84. Bibi, nilikaa kwenye kiti nikajiona mjinga.

Halafu kuna Kulwa. Jina si lake, ingawa ni pacha kweli. Yumo kati ya wale 15. Pacha wake, nimwite Doto, ni wa tano darasani. Kipindi cha Hisabati kikianza tu, Kulwa anaomba kwenda chooni, na harudi mpaka aone nafuta ubao. Mwezi wa tatu nilimsimamisha afanye 402 − 157. Akaandika 355. Nilikuwa nimechoka, bati linawaka, sauti imenikauka, nikamwambia mbele ya watu, "Wewe ni sifuri kabisa." Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Sifuri. Hata Doto nimemsikia akimwita.

Jumamosi iliyopita nilienda mwaloni kununua samaki, nikamkuta Kulwa amekaa peke yake kwenye meza ya mama yake. Mafungu ya furu, kila fungu 700. Nikachukua matatu, nikampa noti ya 5,000. Hakuwaza. Akatoa sarafu mbili za 200, akaniwekea kiganjani: "Elfu mbili na mia tano." Akaongeza sarafu ya 500: "Elfu tatu." Akaweka noti ya 2,000 juu yake: "Elfu tano yako, madamu." Akamgeukia mteja mwingine. Mimi nikabaki nimesimama na mfuko wangu, nahesabu kwa vidole kuhakikisha. Alikuwa sahihi.

Sasa sielewi. Na si yeye tu. Nje ya wale 15, wapo wengine karibu 40 ambao nusu muhula walikosa maswali yote manne ya kutoa kwa kukopa, na kwenye madaftari wanafanya kosa lilelile la 355. Nikirudi nyuma kuwafundisha makumi na mamoja, nitakuwa nafundisha mambo ya Darasa la Pili huku mtihani una mada ambazo sijazimaliza. Nikiendelea na karatasi za nyuma, labda tutapanda nafasi moja mbili na mkuu atanithibitisha kwa amani. Nikikataa lile la watoto 15, nitaonekana mjuaji. Nikikubali, nitamwambiaje mama mmoja kwamba Doto aje na Kulwa abaki?

Nifanyeje, Bibi?

Mwalimu wa Darasa la Tatu

*

Marahaba mwanangu, mwalimu mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, ugonjwa ambao kustaafu hakujaniponya. Nikikuelewa sawasawa, una wiki tatu na karatasi usiyoitunga wewe. Una mwalimu mkuu aliyeaibika kikaoni na sasa anataka namba. Na una mtoto uliyemwita sifuri, akakuhesabia chenji kiganjani bila hata kukuangalia mara mbili. Nadhani hili la mwisho ndilo lililokushikisha kalamu. Hayo mengine ungeyanung'unika na wenzako ofisini yakaisha.

Kwa hiyo tuanze na Kulwa.

Mwaka 1985 watafiti watatu huko Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha kazi yao kuhusu watoto wanaouza vitu mitaani na sokoni katika mji wa Recife. Waliwaendea kama wateja. Mmoja alikuwa kijana wa miaka 12 anayeuza nazi, nazi moja 35 kwa hela ya kwao. Wakamuuliza, kumi ni bei gani? Wewe na mimi tungeongeza sifuri mwishoni tukamaliza. Yeye akasema tatu ni 105, tatu nyingine 210, bado nne, akafika 315, kisha 350. Njia ndefu, lakini hakupotea. Watoto wale, walipoulizwa sokoni, walipata takriban maswali 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za aina hiyohiyo kwenye karatasi, tarakimu tupu bila nazi wala hela, walipata 37. Walikuwa watoto watano tu, kwa hiyo usiushike utafiti huo kama msahafu. Ila nilipousoma niliwakumbuka watoto wangu kadhaa ambao niliwaandikia "mzito" kwenye ripoti, na baadaye nikawakuta stendi wanakusanya nauli za basi zima kichwani.

Basi nikuulize. Unapoandika 402 juu, 157 chini, ukapiga mstari, Kulwa anaona nini pale ubaoni? Naamini haoni hela. Anaona safu tatu za tarakimu ambazo hazijuani. Ya kwanza ina 2 juu na 7 chini. Tangu Darasa la Kwanza ameambiwa ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa, basi anageuza: saba toa mbili, tano. Safu ya pili, sifuri na tano: tano. Ya tatu, nne toa moja: tatu. Ndiyo 355 yako. Hakubahatisha tarakimu hata moja. Alifuata kanuni tangu mwanzo mpaka mwisho, ila kanuni yenyewe ni mbovu, na huenda sisi walimu ndio tuliompa. Wale 40 wanaoandika 355 wanaumwa ugonjwa huohuo mmoja. Kwa mwenye darasa la 94 hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu ungekuta makosa 40 tofauti ningekuonea huruma zaidi.

Ungeweza kumrudisha mwaloni akiwa palepale darasani. Mteja kanunua vya 157, kakupa 402. Bei ya kichekesho, watacheka, waache wacheke. Nadhani atafanya kama alivyokufanyia wewe: 3 ifike 160, 40 ifike 200, halafu 202 ifike 402. Alichotoa mkononi ni 245. Wewe kazi yako ni kuandika ubaoni anavyosema, kwa mwandiko wako mzuri, ili kwa mara ya kwanza maneno yake yakae ubaoni na yawe sahihi. Kukopa kuje siku nyingine. Na ukifika kwenye kukopa, huhitaji vijiti 402 kwa kila mtoto. Seti tano sita za vikundi zinatosha. Mia iwe kipande cha manila, kumi kiwe kijiti, moja iwe kizibo cha soda. Wana manila nne, hawana kijiti hata kimoja, wana vizibo viwili, na wanatakiwa kutoa vizibo saba. Waache wabishane watavitoa wapi. Kelele zitakuwepo, na mwalimu wa darasa la jirani atachungulia.

Kuna hatari moja hapa na sitaki uikute siku ya matokeo. Mnabadilishana kusahihisha. Mwalimu wa shule nyingine akikuta mtoto amepanda kutoka 157 kwenda 402 kwenye nafasi ya kufanyia kazi, anaweza kupiga mkasi hata kama jibu ni 245. Uliza mapema kama alama ni za jibu au za njia pia. Swali hilo kaulize kwenye kikao cha walimu wa Hisabati wa kata. Halina uchokozi wowote, na jibu lake litakwambia ni kiasi gani unaweza kumwachia Kulwa njia yake.

Jambo jingine dogo, ambalo mimi nililigundua nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Waite wale 15, usome "mia tano na sita", waandike. Ukikuta 5006 usiwagombeze, wameandika walichosikia: mia tano, kisha sita. Halafu sikiliza majina yetu ya makumi. Sita imo ndani ya sitini, saba ndani ya sabini, tisa ndani ya tisini, kwa sababu hizo tumezichukua kutoka Kiarabu pamoja na makumi yake. Lakini mbili haimo ndani ya ishirini. Tatu haimo ndani ya thelathini, wala nane ndani ya themanini. Mbili, tatu na nane ni za Kibantu, makumi yake ni ya kuazima. Mtoto ambaye kwa Kisukuma nyumbani anasema makumi mawili, akifika shule anaambiwa ishirini, na yale makumi yanamponyoka njiani. Mimi nilikuwa nawaacha waseme vyote viwili, ishirini ni makumi mawili, thelathini ni makumi matatu, wakiwa wanaingia darasani kwa mstari wanapiga miguu. Dakika mbili kwa siku. Haikugusa ratiba ya mtu.

Umeandika kana kwamba kuna njia mbili tu, karatasi za nyuma au kurudi Darasa la Pili. Ni kweli? Karatasi ya nyuma ina kazi yake. Mtoto wa miaka minane tisa anahitaji kujua jibu linaandikwa wapi, swali likimshinda aliruke, na msimamizi akisema bado dakika kumi maana yake nini. Watoto wako wanahitaji hayo, hasa wale wa mwaloni. Kilichokuharibia ni kurudia karatasi ileile. Lakini wewe mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ulibadilisha 36 kuwa 46 na ukagundua ukweli wote kwa tarakimu moja. Walimu wenye miaka 20 kazini hawafanyi hivyo. Ungeweza kuifanya ndiyo desturi: karatasi moja kwa wiki, tarakimu zimebadilishwa, na siku inayofuata unafundisha lile swali lililokosewa na wengi kuliko yote. Utapoteza nini? Mada moja au mbili hutazimaliza, na zinaweza kuja kwenye mtihani. Hapo itabidi uchague, na anayejua mada ipi ina maswali mengi ni wewe, mimi sina karatasi yenu.

Na mafumbo usiyasahau. "Asha alikuwa na mayai, akapewa 15 zaidi, sasa ana 42. Mwanzoni alikuwa na mangapi?" Wengi wataona neno "zaidi" wajumlishe, waandike 57, kwa sababu tuliwafundisha kuwinda maneno badala ya kusoma habari. Waambie wamchore Asha na kapu lake kwanza. Basi, naishia hapo kwa mafumbo, yangejaza barua nzima.

Sasa hao 15. Mkuu anataka namba, tumfanyie namba.

Watoto 94 kwa wastani wa 19 ni alama 1,786. Wale 15 kwa wastani wa 4 wamechangia 60. Ukiwabakiza nyumbani zinabaki 1,726 kwa watoto 79, wastani 21.8. Yaani mbinu yote hiyo, na usingizi wako uliopotea, inanunua chini ya alama tatu. Hukuniambia shule ya sita ilipata ngapi. Kama ilipata 24, mtakuwa mmewaficha watoto 15 na bado mnaburuza mkia.

Upande wa pili, wale 40 walikosa maswali manne ya alama mbili mbili. Ni alama 320 zimemwagika chini. Tuseme katika wiki tatu unaokota nusu tu, 160. Tuseme wale 15 wanapata maswali matatu zaidi kila mmoja, kutoka 4 kwenda 10, hizo ni 90. Jumla 250. Ongeza kwenye 1,786, gawa kwa watoto wote 94. Unapata 21.7. Tofauti na mbinu ya kuwaficha haifiki hata robo ya alama moja.

Sikuahidi kwamba itakuwa hivyo. Wiki tatu ni siku 15 za shule, ukitoa siku ya usafi na siku ambayo mvua itanyesha wasije. Labda utaokota robo, si nusu. Labda wale 15 hawatasogea kabisa, na wewe ndiye utakayeitwa ofisini. Mbinu ya mwalimu wa taaluma ina uhakika ambao hii yangu haina, na ndiyo maana watu wazuri huikubali.

Lakini na yenyewe ina bei yake, na bei hiyo haikutajwa pale ofisini. Rejista ya mahudhurio ni ya darasa lako, na alama za "hayupo" za watoto 15 siku moja zitakuwa kwa mwandiko wako, si wa taaluma. Mama wa mapacha anauza samaki, anaishi kwa kuhesabu. Akiona mmoja kavaa sare na mwingine kaambiwa akachunge, hatahitaji kuelezwa. Na Kulwa mwenyewe, ambaye tayari ana jina la utani ulilompa, atajua nafasi yake iko wapi, na muhula ujao safari zake za chooni zinaweza zisiwe na kurudi. Hilo la "shule nyingine zinafanya", umeliona kwa macho au umelisikia tu?

Kuhusu kuwapanga wenye uwezo na wasio na uwezo siku ya mtihani, wewe unajua na mimi najua jina lake, tusipotezeane muda. Ila kuwapanga hivyo sasa, kwa wiki hizi tatu, Doto akae na mtu ambaye si pacha wake, hilo lingekusaidia kwenye darasa la 94.

Nirudi kwa mwalimu mkuu. Hakusema ndiyo wala hapana, aliangalia simu. Mimi nimewahi kuwa mwalimu mkuu kwa miaka minne, na nimewahi kuangalia dirishani, simu zilikuwa hazijafika. Mtu anayeangalia simu wakati jambo kama hilo linasemwa, mara nyingi anaomba asiulizwe. Umechukulia kwamba ameamuru. Huenda. Huenda pia anasubiri mtu amletee njia nyingine ya kwenda nayo kwenye kikao.

Unaweza kunyamaza, watoto wote 94 wakaja siku ile, ukasema hukuelewa. Wapo waliopona kwa njia hiyo, ila ukiulizwa utakuwa peke yako, na taaluma, rafiki yako, atajiona umemzunguka. Unaweza kukataa wazi mbele ya walimu wenzako. Utalala vizuri usiku huo. Lakini mkuu aliyeaibika kikaoni ukimwaibisha tena ofisini kwake, sijui atakuandikia nini kwenye fomu ya kukuthibitisha, na wewe hujathibitishwa. Siudharau mshahara wako, najua kuna watu nyumbani wanaosubiri simu yako mwisho wa mwezi. Unaweza kumwendea peke yake, mapema kabla ya kengele, na karatasi yenye hesabu hizo mbili, 21.8 na 21.7, ukamwomba hizo wiki tatu. Anaweza kukucheka. Anaweza kusema fanya yote mawili, fundisha na uwafiche, na hapo utakuwa umerudi ulipoanzia, ukiwa umejionesha msimamo wako. Kama utaenda kwake, mtangulie rafiki yako wa taaluma umwambie. Asilisikie kwa mtu. Kwa wazazi nisingekimbilia kwanza. Moto huo ukiwaka hauchagui nyumba, ingawa siwezi kukuahidi kwamba haitafika siku ukahitajika.

Sasa neno lile ulilomwambia Kulwa. Nashukuru uliliandika, ungeweza kulificha nisijue. Usijaribu kuligeuza somo, ukaanza kueleza darasa jinsi sifuri ilivyo ya maana ndani ya 402. Najua kishawishi hicho, kinavutia kweli kwa mwalimu wa Hisabati, lakini kitamrudisha ubaoni mbele ya wenzake 93. Unaweza kumwomba radhi pembeni, mkiwa wawili. Itamgusa, lakini wenzake hawatajua, na jina litabaki. Unaweza kusema mbele ya darasa sentensi moja tu, kwamba madamu alikosea kumwita mwenzao vile na hataki kulisikia tena, kisha ukafungua kitabu. Wengine watacheka, na siku mbili za mwanzo watalisema kwa kunong'ona. Au unaweza usiseme neno, ukaweka pakiti tupu za majani ya chai, kiberiti na sabuni juu ya meza, ukamweka yeye muuza duka kwa wiki nzima. Hapo hatari ni kwamba ukimuweka muuza duka kabla hujamwomba radhi, anaweza kudhani unamtega tena. Umri wake, unajua, huwa hawasahau, wanakuangalia tu.

Wewe ndiye unayezijua sura zao. Na ndiye utakayesimama mlangoni asubuhi ile kuwahesabu wanaoingia.

Jumamosi hii ukienda mwaloni, nunua mafungu matatu tena. Mpe noti ya 10,000, mwombe akurudishie polepole, na uandike pembeni kila anachosema. Chenji ni 7,900, nimeshahesabu.

Wako,
Bibi